Dirisha la Brynn

Januari 5

Daftari hili nimepewa na akina mama wa kanisa ili kila siku niandike jambo moja la kushukuru. Haya. Nashukuru kwamba tanuri la kupashia nyumba joto halijazimika. Nje mpaka milango ya gari imeganda, na mume wangu Orrin ameimwagia maji ya moto ingawa nilimkataza.

Leo alikuja Bi Renata Ochoa, afisa wa ustawi wa jamii, kukagua nyumba kwa ajili ya mjukuu wetu Brynn. Ana miaka minane. Tangu baba yake afungwe kwa mambo ya dawa za kulevya anaishi kwa muda na familia ya Whitlock, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Baba yake ni Curtis, mwanetu, na sitaandika zaidi kuhusu yeye. Mama yake hajulikani aliko. Mimi na Orrin tunamtaka mtoto.

Shida ni mahali pa kulala. Tuna vyumba viwili tu: chetu, na cha Elroy, kaka yake Orrin, aliyepooza upande mmoja na hawezi ngazi. Kinachobaki ni kule chini ya nyumba, chini ya ardhi, tunakoweka friza la nyama ya kulungu, mitungi ya matango na kila kitu ambacho Orrin hataki kukitupa. Bi Ochoa alishuka, akavitazama vile vidirisha vya juu karibu na dari.

"Hapo atapita paka tu," akasema. "Bi Haugland, sihitaji chumba cha kupigwa picha. Nahitaji dirisha ambalo mtoto anaweza kutokea moto ukiwaka, na mzimamoto aweze kuingilia. Mkiwa nalo, mimi nitamwambia hakimu amlete."

Mahakama itakaa katikati ya Aprili. Tuna muda mwingi.

Nilipomkaribisha kahawa alisema, "Ndiyo, asante," papo hapo, na Orrin akanikodolea macho. Simlaumu Bi Ochoa, ametoka Texas. Huku kwetu mtu hukataa mara mbili, ya tatu ndipo anapokea, na anayekaribisha anajua hilo kama anavyojua jina lake. Hata Elroy, ambaye nusu ya mdomo wake haifanyi kazi, hukataa uji wake mara mbili kila siku.

Januari 8

Nilisema tuwaite wakandarasi watatu, tulinganishe. Orrin akaweka uma mezani.

"Na Verlyn je?"

Verlyn Skogen ndiye aliyejenga nusu ya mji huu. Pia anasimama ubavuni mwa Orrin kwenye kwaya, sauti ya besi, tangu wote wawili wakiwa na nywele.

"Verlyn akisikia tumewaita wengine, Jumapili nitasimamaje naye?"

"Utasimama kwa miguu yako," nikamwambia. Hakucheka. Tukamwita Verlyn peke yake.

Januari 13

Verlyn amekuja. Kahawa aliikataa mara mbili, kisha akanywa vikombe vinne na kumaliza lefse zangu zote, chapati za viazi nilizokuwa nimemwekea Elroy.

Kule chini alizunguka huku akigonga kuta na kuguna. Akasimama mahali Orrin alipochora dirisha kwa chaki.

"Ni kazi hii," akasema. "Lazima kwanza kuchimba shimo kule nje, halafu ukuta wa zege ukatwe. Na ardhi imeganda mpaka chini huko. Sijui kama mimi ndiye mtu wa kuwafaa."

"Acha kujishusha, bwana," Orrin akasema. "Tunakutaka wewe."

"Kule mjini kuna vijana wana mashine nzuri kuliko zangu."

"Hatutaki vijana. Tunakutaka wewe, Verlyn."

"Mimi nimeshazeeka, Orrin."

"Nani hajazeeka? Njoo utufanyie hii kazi."

Verlyn alivua kofia akaitazama ndani, kama kuna jibu limeandikwa humo. "Basi. Kama mnasisitiza," akasema.

Orrin amepiga mluzi mchana kutwa. Nami nimefurahi, nikiri.

Januari 19

Simu ya Jumapili. Brynn anataka rangi ya njano ukutani. Nilimweleza kwamba chumba kiko chini ya ardhi, hivyo dirisha litakuwa usawa wa majani ya nje.

"Kwa hiyo nitaona miguu ya kulungu, Bibi? Miguu tu?"

"Wakija kula mbegu tunazowawekea ndege, utaona miguu tu."

Alicheka mpaka akakohoa. Nashukuru kwa hilo, na leo sitanii.

Januari 27

Baridi kali. Verlyn hakuja.

Februari 2

Hakuja.

Februari 9

Orrin amejenga kuta mbili za mbao yeye mwenyewe, akajaza magodoro ya kuzuia baridi katikati na kuzifunika kwa jipsamu. Ameweka na mlango. Nimehamisha mitungi na kununua rangi ya njano. Sasa tuna chumba kamili chenye giza totoro saa sita mchana.

Verlyn alimwambia kanisani, "Mnaendelea vizuri huko?" Orrin akamjibu, "Vizuri sana." Hivyo tu. Kisha wakaimba.

Februari 16

Nimeendesha gari juu ya ziwa lililoganda mpaka kwenye kibanda cha Verlyn cha kuvulia samaki. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kamba imezama kwenye tundu la barafu, redio inaongea peke yake. Alinipa ndoo nyingine nikakaa.

Nilikwenda nimejipanga. Njia nzima nilikuwa nikisema kwa sauti: Verlyn, utaanza lini? Lakini ukikaa mbele ya mtu aliyebeba jeneza la mama yako, maneno yanabadilika mdomoni.

"Ardhi bado ngumu, nadhani," nikasema.

"Ngumu kweli."

"Haitakuwa hivi milele."

"Aa, hapana." Akavuta kamba, akaiachia. "Wale vijana wa mjini wana mablanketi ya umeme. Wanatandika juu ya ardhi, inayeyuka kwa siku chache. Wamenunua mapya, nasikia."

"Sisi tunakungoja wewe," nikasema.

Alinitazama kidogo, nikadhani ameguswa. Akanipa samaki wawili. Nilikataa, nikakataa, nikachukua.

Februari 23

Brynn ameuliza, "Dirisha langu limefika?" Nikamwambia liko njiani.

Machi 3

Nimefanya jambo kwa siri. Nilipiga simu kwa wale vijana wa mjini wenye mablanketi, na kijana mmoja mchangamfu akasema wanaweza kuja Jumatatu ijayo na kumaliza wiki hiyohiyo. Wiki moja! Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha.

Orrin nilimwambia wakati wa chakula. Alisukuma sahani ya viazi pembeni.

"Nani atamwambia Verlyn?"

"Wewe. Rafiki yako huyo."

"Umepiga simu wewe, utamwambia wewe."

"Orrin, huyu ni Brynn! Unasikia? Ni Brynn!"

"Najua ni nani. Lakini mtu alishasema atafanya. Tulimwomba mara tatu, Ardis. Tutamtazama usoni tumwambie nini?"

Nilikwenda mpaka nyumbani kwa Verlyn. Lori lake lilikuwepo na taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nilikaa nje garini mpaka kioo kikafunga ukungu, kisha nikarudi nyumbani. Nimemwambia kijana wa mjini asije. Alisema, "Hakuna shida, mama," kwa uchangamfu uleule, na nikamchukia.

Machi 15

Brynn amenieleza habari za mbwa wa akina Whitlock, anaitwa Kachumbari kwa sababu ni wa kijani akilala kwenye majani. Sikuelewa, nikacheka. Hakuuliza habari za dirisha. Nilingoja aulize.

Machi 24

Theluji inayeyuka. Maji yameingia kule chini kupitia ufa wa kona, si mengi, ila yameloanisha jipsamu ya Orrin mpaka magotini. Ameikata sehemu mbovu na kuanza upya. Naanza kumwona mume wangu ni mtu ambaye atafanya kazi yoyote duniani ili asiseme sentensi moja. Na mimi ninayemwona hivyo nimekaa jikoni nakunja taulo.

Machi 31

Verlyn hakuja. Matope kila mahali.

Aprili 8

Niandike polepole, maana sina uhakika nimekielewa kilichotokea.

Bi Ochoa alikuja kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeoka biskuti za karanga. Elroy alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amechanwa nywele. Bi Ochoa alishuka chini na Orrin. Wakarudi. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Hakuna dirisha," akasema.

"Bado kidogo," Orrin akasema. "Ardhi imelegea sasa. Fundi wetu atakuja wakati wowote."

"Bwana Haugland, nisikilize. Mahakama ni wiki ijayo. Nina njia mbili. Naweza kumwomba hakimu awaongezee muda, na nadhani atakubali, maana ninyi ni damu yake. Au kuna akina Whitlock. Wameniambia wako tayari kumchukua moja kwa moja. Wana chumba, shule iko karibu, ameanza kuwazoea. Lazima niwajibu wiki hii. Kwa hiyo nawauliza waziwazi. Mnataka niombe muda?"

Orrin alikuwa amekunja mikono juu ya kitambaa cha meza, ile mikono mikubwa iliyochubuka kwa ajili ya chumba kile.

"Aa, hatungependa kumsumbua hakimu," akasema. "Kama wale watu wako tayari, na mtoto ameshazoea..."

Bi Ochoa alingoja. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Bi Haugland?"

Nilikuwa nimeshika birika. Moyo wangu ulikuwa unapiga kelele ndiyo, ndiyo, omba muda, mlete, atalala kitandani kwangu na mimi nitalala sakafuni. Na mdomo wangu ukasema, "Chochote kitakachokuwa rahisi kwenu."

Naapa nilikuwa nangoja. Orrin pia alikuwa anangoja, nilimwona amekaa vilevile, kidevu kimeinuka kidogo, kama anavyokaa akisubiri kukaribishwa kipande cha pili cha nyama. Tulikuwa tumekataa mara moja kila mmoja, kwa adabu. Sasa yeye aulize tena, tukatae kwa unyonge zaidi, kisha aulize tena.

Hakuuliza. Aliandika kitu kwenye karatasi zake, akasimama na kunikumbatia kwa nguvu.

"Najua haikuwa rahisi kusema hivyo," akasema. "Mna moyo mkubwa."

Akaondoka. Biskuti alikula tatu, alikubali mara ya kwanza zote.

Orrin alisimama mlangoni mpaka gari likapotea. "Atapiga simu kesho," akasema.

"Bila shaka," nikasema.

Aprili 9

Hakupiga.

Aprili 10

Hakupiga. Orrin anasema labda ana kazi nyingi.

Aprili 11

Nimemwambia Orrin tumpigie sisi. Anasema tutaonekana vigeugeu, tumeshasema jambo, leo tunasema lingine. Nilimtupia kitambaa cha vyombo. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumtupia kitu. Alikiokota, akakitundika mahali pake.

Aprili 13

Nimempigia mwenyewe, Orrin akiwa chumbani kwa Elroy. Ikajibu mashine. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye bahasha: TUNAMTAKA. OMBA MUDA. Nikayasoma kwa macho, kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Bi Ochoa, ni Ardis Haugland. Si jambo la haraka. Ukipata nafasi, na kama si usumbufu, tungependa kuongea kidogo. Asante kwa kila kitu."

Si jambo la haraka! Nimeikata simu nikajipiga kibao. Kibao kweli, shavuni.

Aprili 17

Amepiga. Hakimu amewapa akina Whitlock Brynn, moja kwa moja.

"Lakini tulikuwa tunamtaka," nikasema.

"Bi Haugland, niliwauliza. Nyote wawili, mezani kwenu. Mlisema hapana."

"Uliuliza mara moja."

"Nilitakiwa kuuliza mara ngapi?"

Sikuweza kumwambia. Jinsi alivyouliza, kwa uchungu, akitaka kujua kweli, niliona jibu ni la aibu. Akasema alipata ujumbe wangu, akaona si la haraka, na alikuwa akishughulikia watoto wawili wengine walio hospitalini. Akasema angejua angepigana. Namwamini. Sasa haiwezekani kurudi nyuma, ila tunaweza kumwona. Akina Whitlock ni watu wema, watamleta kututembelea mwisho wa Mei.

Orrin nilimkuta kule chini anapiga msasa. Nilimwambia. Alipiga msasa mpaka akamaliza ukuta ule, kisha akakaa sakafuni. Sikujua mtu mkubwa hivi anaweza kulia bila kutoa sauti hata moja. Nilikaa naye gizani, kwa kuwa ni giza kule chini, hakuna dirisha.

Aprili 18

Sina la kushukuru.

Aprili 26

Kanisani wote wanajua. Wameleta mabakuli ya viazi na nyama ya kuoka kama tumefiwa. Niliyakataa mara mbili mbili, nikayapokea. Yamejaa friza.

Mei 6

Nilikuwa naanika shuka niliposikia lori. Verlyn. Ana msumeno wa zege, koleo, na dirisha jipya limefungwa kwa mablanketi nyuma.

"Ardhi imekubali," akasema.

Orrin alitoka. Nilingoja amwambie. Wakapeana mikono. "Vizuri," akasema Orrin, na akachukua koleo.

Sikuvumilia. "Verlyn, huyo mtoto haji! Wamewapa watu wengine. Dirisha la nini tena?"

Verlyn alijua, uso wake ulionyesha kwamba alijua. Alikaa kwenye ubao wa nyuma wa lori. Niliona anashika bega la kulia kwa mkono wa kushoto, na nikakumbuka kwamba pale ziwani pia kamba aliivuta kwa kushoto.

"Hili bega limekufa tangu mwaka juzi," akasema. "Siwezi kunyanyua msumeno juu ya kiuno. Nilikuwa nakataa, Ardis. Nilikataa pale kwenu mwezi wa kwanza. Nikawaambia kuna vijana. Nikakwambia tena ziwani, mpaka nikakutajia mablanketi. Uliposema mnaningoja nilidhani ni adabu tu, na kwamba mmeshawaita wao."

"Ulisema basi!"

"Orrin aliniuliza mara tatu," akasema Verlyn. "Ningefanyaje?"

Nilimtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Wazee wawili wenye sauti nzuri za besi. Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Kisha nikaona kwamba watu tuliohusika tulikuwa watatu.

Wamechimba mpaka jioni, Orrin ananyanyua, Verlyn anaelekeza. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake aache.

Mei 8

Wamekata ukuta. Vumbi la zege liko mpaka kwenye sukari.

Mei 11

Dirisha limeingia, na limekaa vizuri sana. Mtu mzima anaweza kutoka, nimejaribu mwenyewe nikiwa na gauni. Orrin amepaka rangi ya njano. Sikumuuliza kwa nini.

Mei 30

Bi Dana Whitlock amemleta Brynn saa nne, akaenda kumngojea mjini. Amekua. Ana jino jipya na viatu vinavyowaka taa.

Nilimtengea biskuti za karanga. "Utakula biskuti?"

"Ndiyo, tafadhali," akasema, na akachukua mbili.

Orrin alicheka kwa mshangao. "Hukatai hata kidogo?"

"Kule ukisema hapana, sahani inaondoka, Babu," akamwambia, mdomo umejaa. "Mara ya kwanza nililala na njaa. Nilikuwa nangoja waniulize tena. Mama Dana alilia aliponiona asubuhi nakula mkate stoo. Akaniambia, Brynn, hapa ukitaka sema nataka."

Orrin aliamka akaenda kumtazama Elroy, ambaye alikuwa amelala.

Nilimpeleka kule chini. Alisimama katikati ya chumba cha njano na jua lilikuwa limeingia mpaka kitandani. Alipanda kwenye kiti, akafungua dirisha mwenyewe, akatoka nje kwenye shimo, akarudi ndani. Akaangalia majani kwa muda.

"Hakuna kulungu," akasema.

"Huja jioni."

"Jioni nitakuwa nimeondoka."

Nikakaa kitandani. Nilijua haina maana, nilijua hakimu ameshaamua. Nikauliza tu. "Brynn, kama ingewezekana, ungependa kuja kukaa hapa na sisi?"

Alinitazama vizuri. Alifikiri kweli, niliona anafikiri, maana mtoto huyu sasa amefundishwa kwamba swali linaulizwa ili lijibiwe.

"Hapana, asante, Bibi," akasema. "Lakini chumba ni kizuri."

Walipoondoka, Orrin alibaki kwenye ngazi za mbele na mkono umeinuka ingawa gari halikuonekana tena. Alikuwa ametusikia kupitia dirisha lililo wazi.

"Ulimuuliza mara ngapi?" akasema.

"Mara moja."

"Ungemuuliza tena."

"Alishajibu, Orrin," nikamwambia, na nikaingia ndani kumpa Elroy uji wake. Aliukataa. Nikamuuliza tena.